Wimbo wa Katuni Ulioimbwa Kanisani

Betri ya gari ikichoka hutoa harufu yake, kali kidogo, inayokaa kooni, na kila ninapoinusa hujikuta nasubiri wimbo uanze. Hapa Mbeya jirani wa duka langu ni fundi wa betri, na kuna siku hunikuta nimesimama mlangoni kwake nimenyamaza, akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Wakati huo niko Mufindi, sebuleni kwa Mzee Ezekieli, nimeketi sakafuni juu ya gunia pamoja na watoto wa nusu ya kijiji, na mbele yetu, juu ya kabati lililotandikwa vitambaa vya kufuma, kuna televisheni ndogo isiyo na rangi, imeunganishwa kwa waya na betri iliyo chini ya meza. Nje ukungu umeshapanda kutoka mabondeni na kuficha mashamba ya chai. Mtu mmoja yuko huko huko kwenye ukungu anazungusha mlingoti uliofungwa antena, anauliza kwa sauti kama tayari, nasi tunamjibu bado, bado, hapo hapo, umepitiliza, rudisha. Chumba kinanuka betri, moshi uliokaa kwenye masweta yetu, na viazi vya kuchemsha ambavyo Mama Neema, mke wa Mzee Ezekieli, alitugawia bila kuuliza huyu ni mtoto wa nani. Yule mama alikuwa mwema. Naanza kwa kumsema vizuri kwa sababu wengine humu sitawasema vizuri.

Kisha wimbo unaanza. Kwanza tarumbeta, halafu makofi, halafu sauti ya msichana inayopanda na kupanda kama mtoto aliyetumwa mlimani anakimbia ili awahi kurudi kucheza. Katuni yenyewe ilikuwa imetiwa sauti za Kiingereza, ambacho nacho hatukukijua, lakini wimbo wa kufungulia waliuacha katika Kijapani chake. Sisi hata hatukujua kama ni Kijapani. Tuliushika kwa masikio tu, na hakuna aliyejali maana yake. Ilikuwa hadithi ya msichana anayesafiri juu ya tiara, kishada kile kinachorushwa angani, kumtafuta kaka yake aliyechukuliwa na upepo, kwa hiyo tukamwita Dada Tiara. Nilikuja kugundua ukubwani kwamba nywele zake zilikuwa za bluu. Kwetu zilikuwa za kijivu, sawa na kila kitu kilichotoka kwenye ile televisheni. Hadithi hatukuwa na uhakika nayo, maana betri ikianza kuisha picha hujikunja kutoka pembeni mpaka inabaki kijipande katikati ya kioo, na Mama Neema anazima ili Mzee akitoka shambani apate taarifa ya habari. Wimbo ndio uliokuwa na uhakika, kwa kuwa ulitangulia. Kuna Jumamosi tuliambulia wimbo peke yake, na tuliondoka tukiuimba njia nzima tumeridhika kabisa.

Aliyeushika wimbo ule kuliko sisi sote alikuwa dada yangu Tulalumba, ambaye nyumbani tulimwita Tula. Alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Tula alikuwa na sikio. Kitu akikisikia mara moja amekimaliza, na si kukiimba tu, bali kukigawa: wewe shika huku chini, wewe Neema panda huku juu, wewe mdogo wangu usiimbe, piga makofi. Alinigawia makofi kwa upendo na wala hakunionea, sauti yangu ni mbaya mpaka leo. Tukitoka kuteka maji alitupanga njiani na ndoo zetu kichwani, na watu wazima waliokuwa wakipalilia walisimama kusikiliza. Mwalimu wa shule ya Jumapili alishamwachia kwaya ya watoto aifundishe yeye. Mwaka ule Tula alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, na ukishabarikiwa kipaimara unaruhusiwa kuingia kwaya ya vijana, ile iliyokuwa ikipanda lori kwenda kushindana Iringa mjini. Hicho ndicho alichokitaka duniani, na hakukificha. Alikuwa akiosha vyombo anasema, "Mwakani niko kwenye lori," nasi hatukubisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushindana naye.

Hapa lazima nieleze jambo moja la milimani kwetu, maana wimbo hautaeleweka bila hilo. Kwetu umande ni mzito. Hata miezi isiyo na mvua ukungu unapanda kutoka bondeni usiku kucha, na asubuhi majani ya njiani yanakuwa yameinama kwa maji baridi, siku nyingine yamegeuka sakitu nyeupe inayovunjika ukiikanyaga. Njia ya shule ilikuwa nyembamba na majani yake yalimfika mtoto kifuani. Kwa hiyo tulikwenda kwa mstari, na mkubwa kuliko wote alitangulia, amejifunga mfuko wa mbolea kiunoni, anapangusa umande kwa fimbo na kwa miguu yake mwenyewe. Yeye alifika shuleni amelowa mpaka mapajani, meno yanagongana. Sisi wa nyuma tulifika wakavu. Haikuwa adhabu wala hapakuwa na wa kumshukuru, ndivyo ukubwa ulivyokuwa. Mbele yangu alitangulia Tula, tangu siku ya kwanza niliyopelekwa shule.

Mwishoni mwa Septemba sisi Walutheri tuna Siku ya Mikaeli na Watoto, ambayo watoto ndio wanaoongoza ibada. Wanasoma masomo, wanakariri mistari ya Biblia, na wanaimba, na wazazi wanavaa vizuri kwenda kutazama wa kwao asisahau. Kwaya ya watoto ilitakiwa kuwa na wimbo mpya. Tula akachukua ule wa Dada Tiara, tarumbeta akazigeuza sauti za chini za wavulana, makofi akayaacha makofi, na akautia maneno ya kwetu, ya lugha ya nyumbani, ambayo bibi asiyejua Kiswahili angeyaelewa. Alizitunga beti zake akipura maharage. Ubeti wa kwanza ulimwita malaika Mikaeli aje alinde watoto wa Nguluvi, ndivyo tunavyomwita Mungu. Wa pili ulimweleza mahali tunapokaa, ili asipotee kwenye ukungu. Wa tatu ulimwomba atangulie mbele yetu njiani kama dada mkubwa, atupangusie umande, ili tufike kwa Mungu tukiwa wakavu. Nimeshasikia mahubiri mengi tangu wakati huo, mengine ya watu waliosomea hadi Ulaya, na bado sijasikia mtu akinieleza malaika vizuri kuliko mtoto yule aliyekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mapumba yamejaa kwenye nywele.

Tuliimba. Nakumbuka nilikuwa mstari wa mbele kwa sababu ya ufupi, mikono inaniwasha kwa makofi, na niliwaona kina bibi upande wa wanawake wakiwekeana mikono mabegani. Ubeti wa tatu ulipofika, bibi mmoja akasimama, akafuatiwa na wengine, vigelegele vikajaa, na mchungaji, aliyekuwa akitufikia mara moja kwa mwezi kwa pikipiki yake, akaomba turudie. Tukarudia. Neema, binti wa Mzee Ezekieli, alikuwa pembeni yangu anaimba sauti ya juu kwa nguvu zake zote. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye viti vya wazee wa kanisa, mbele, upande wa madhabahu. Mara ya kwanza alitikisa kichwa kwa furaha. Mara ya pili kichwa kikasimama. Nilimwona. Alikuwa akisikia kitu alichokuwa akikisikia nyumbani kwake kila Jumamosi akirudi kutoka shambani, kabla hajavua viatu vya shamba.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa vitu vya sadaka, kuku na mayai na maboga, kama kawaida. Wote tulikuwa nje tunacheka. Mzee Ezekieli hakuja kwenye mnada. Siku chache baadaye mama aliitwa ofisi ya usharika pamoja na Tula, na mimi nikapelekwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Niliketi kwenye benchi la nje, mlango wazi. Wazee walikuwa ndani, wengi wao wamejiinamia, mwenye kusema akiwa mmoja tu, Mzee Ezekieli. Alimwambia mama kwamba wimbo ule ni wa televisheni, ni wa watu wasiomjua Mungu, na lugha yake haijulikani, kwa hiyo nani atathibitisha kwamba hautaji mapepo. Tula akasema kwa heshima kwamba maneno ya televisheni hakuyaimba, maneno aliyoyaimba ni ya nyumbani na kila mtu aliyasikia. Mzee akasema sauti ni ile ile. Akatoa uamuzi: Jumapili binti atasimama mbele ya washarika wote, atatubu, ndipo atabarikiwa kipaimara na wenzake.

"Nitasimama, baba," Tula alisema. "Ila naomba mniambie nikisimama niseme nimekosa nini."

"Utasema umeleta wimbo wa shetani kanisani."

"Niliutoa sebuleni kwako, baba."

Sikuiona sura ya Mzee, lakini nilimsikia mama yangu akivuta pumzi. Tula hakuwa mjeuri. Naapa kwa chochote mnachotaka niapie, hakusema kwa ujeuri. Aliulizwa, akajibu wimbo umetoka wapi, kwa sauti ya mtu anayeelekeza mgeni njia. Kosa lake ni kwamba ilikuwa kweli, na wazee wengine waliisikia, na mmoja wao alikohoa kwa namna ambayo mtu hukohoa akizuia kicheko. Tangu hapo halikuwa tena suala la wimbo. Mzee akasema mtoto ana kiburi, na mtoto mwenye kiburi hawekewi mikono. Mchungaji alipofika mwezi uliofuata akaambiwa mambo yameshashughulikiwa na wazee, akasema vyema, akawasha pikipiki. Baba yangu, aliyekuwa akipasua mbao msituni, alirudi mwisho wa mwezi akasema tusigombane na kanisa kwa ajili ya mambo ya kitoto. Mama alimbembeleza Tula apige magoti tu yaishe. Tula akawa analia na kusema hawezi kumwambia Mungu uongo kanisani. Miaka kumi na minne. Watu wazima wote wale, wenye Biblia kwapani, na aliyeogopa kumdanganya Mungu alikuwa yule mtoto.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira kila nikifikiria, kwa hiyo nivumilieni. Fungueni kitabu chetu cha nyimbo. Juu ya nyimbo nyingi mno kuna jina la mtunzi wa sauti, na majina yale hayatamkiki, ni ya Ujerumani, ni ya watu waliokufa kabla babu zetu hawajamwona mzungu hata mmoja. Nani alikwenda kuuliza sauti zile zilianzia wapi, kama ni kanisani au kilabuni? Nani alisimamishwa mbele ya washarika kwa ajili yake? Watu wa kwetu walizichukua sauti za ugenini, wakazitia maneno ya kwao, na hiyo ndiyo ikaitwa ibada. Kwaya zote za Nyanda za Juu zimelelewa hivyo. Tula alifanya kile kile alichofundishwa na kanisa lenyewe, na alikifanya vizuri kuliko waliomtangulia. Lakini wimbo ukishushwa kwenye meli na mmisionari ni mtakatifu, ukipitia kwenye betri chini ya meza ya Mzee Ezekieli ni wa shetani. Na Neema, aliyeimba sauti ile ile kwa pumzi ile ile, alibarikiwa na kupigwa picha. Simlaumu Neema kwa hilo, alikuwa mtoto. Namlaumu kwa ya baadaye, ambayo nitayafikia.

Gauni la kipaimara la Tula lilikuwa limeshashonwa, jeupe, lenye mkanda wa kufunga nyuma. Likatundikwa kwenye msumari chumbani kwetu, ndani ya mfuko wa nailoni, na tukawa tunalala tunaliona. Siku wenzake walipobarikiwa, Tula alikwenda kukata kuni mbali, upande ambao kengele haisikiki. Hakuingia kwaya ya vijana. Lori lilipita mbele ya nyumba yetu likienda Iringa, wanaimba, naye akaingia ndani kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Aliacha kuimba. Si kanisani peke yake, aliacha hata njiani, hata akiosha vyombo, na nyumba ikawa na ukimya ambao mama aliujaza kwa kusema peke yake. Asubuhi aliendelea kututangulia kwenye umande mpaka alipomaliza shule, ila bila sauti. Miaka minne baadaye gauni lile nililivaa mimi. Lilinibana kwapani. Aliyelipiga pasi ya mkaa asubuhi ile, akipuliza majivu pembeni yasidondoke kwenye weupe, alikuwa Tula. Akanifunga mkanda, akanigeuza, akasema, "Umependeza." Nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi, na bado sijaona jambo lililoniuma kama kupendeza kwa siku ile.

Sasa nije kwenye haya ya leo. Tuliosoma pamoja shule ya msingi tuna kundi la WhatsApp, na siku moja mwaka huu mwenzetu mmoja akarusha kipande cha ile katuni, wimbo wa kufungulia, safari hii ukiwa na rangi zake zote. Nilikuwa dukani, nikaubonyeza bila kujua ni nini. Tarumbeta, makofi, sauti ikapanda. Nikakaa kwenye boksi la karatasi. Na sitadanganya, kwa muda mfupi nilifurahi, furaha ya kijinga ya mtoto aliyepewa kiazi cha moto. Kisha nikasoma waliyoandika chini yake. Utoto ulikuwa mtamu. Siku zile raha jamani, tulikuwa na amani. Neema, ambaye sasa yuko Iringa mjini, akaandika kwamba wote tulikuwa tukiangalia kwao, mnakumbuka viazi vya mama? Vicheko, mioyo, vikatuni vinavyotoa machozi. Hakuna aliyeandika jina la Tula. Nikajiuliza watu hawa waliutafuna utoto wao upande gani hata wakaubakiza utamu peke yake.

Haikuishia hapo. Neema akarusha na nyingine, video ya kwaya ya usharika wetu wa nyumbani, wamevaa sare mpya, wanacheza taratibu katikati ya mashamba ya chai, kinanda kinapiga tarumbeta. Ni wimbo wa Tula. Maneno ya Tula, lugha ya nyumbani, makofi pale pale. Na kwenye mstari wa nyuma, mzee, amekonda, anapiga makofi huku akitabasamu, Mzee Ezekieli; nikaizima hapo hapo, kabla haijafika mwisho. Chini wameandika kwamba huu ni wimbo wa asili wa wazee wetu, mtunzi hajulikani. Niliandika kwenye kundi kwamba mtunzi anajulikana, yuko Igawa kando ya barabara kuu, anapika wali, na mnampita kila mkienda Mbeya. Wakaweka vicheko. Mmoja akaniambia tusifukue ya zamani. Neema akanifuata pembeni, kwenye ujumbe wa faragha, akaandika, "Lakini dada yako si aliacha kuimba mwenyewe?" Kila jibu nililoandika nililifuta kwa sababu lilikuwa na matusi, na mpaka leo naona yalikuwa matusi ya haki.

Nilimpitia Tula Igawa kwenye mgahawa wake siku moja kabla ya sikukuu ya Mikaeli. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha video taratibu, kumbe alishaiona, wateja wake madereva walikuwa nayo. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua macho. Nikamwambia tunakwenda nyumbani, na kesho nitasimama mle kanisani niwaeleze wote. Akasema, "Tutaenda. Mimi nataka kusikia wanavyogawa sauti. Wewe utakaa." Tukaondoka pamoja.

Mzee Ezekieli tulimkuta kabla ya ibada, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kanisa, kwenye jua, na fimbo yake magotini. Alitusalimu kwa mkono sote wawili. Kamwene, kamwene wanangu. Akamuuliza Tula watoto hawajambo, biashara inakwendaje. Tula akamjibu yote kwa adabu. Mimi nilishindwa.

"Baba, ule wimbo wa Mikaeli mnaouimba sasa," nikamwambia, "ndio ule mliomnyimia dada kipaimara."

Alinitazama kwa wema kabisa, na ndicho kilichonichoma.

"Ule? Hapana, mwanangu. Ule ni wa zamani sana. Tuliukuta kwa wazee."

Hakuwa anadanganya. Nilimchunguza macho nikitafuta uongo niweze kuushika, sikuuona. Alikuwa amesahau. Alichukua kitu pekee alichokitaka mtoto, akakivunja, halafu kikamtoka kichwani kama jina la mbwa wa jirani aliyehama. Kama angekumbuka na kukana ningemchukia na kupumzika. Sasa hasira yangu ilikuwa imefika nyumbani kwa mwenyewe na kukuta mlango wazi na hamna mtu. Tula akanishika mkono, si kwa nguvu, akaniingiza kanisani.

Watoto wa siku hizi wanaimba vizuri, sitawanyima haki yao. Wana kinanda na vipaza sauti, na katika nyumba nyingi kuna televisheni za rangi zinazotumia umeme wa jua, kwa hiyo hakuna mtoto anayejua picha inayojikunja. Walisimama, mwalimu wao kijana akainua mkono, wakaanza. Ubeti wa kwanza, Mikaeli alinde watoto wa Nguluvi. Wa pili, asipotee kwenye ukungu. Nikajiandaa kwa wa tatu, mikono yangu ikaanza kuwasha yenyewe. Lakini kinanda kikazungusha, wakarudia wa kwanza, wakakaa. Watu wakapiga makofi. Nikamgeukia Tula. Alikuwa ametazama mbele, midomo imefungwa, kidole kimoja kikigonga pole pole kwenye goti, na kilikuwa hakijasimama. Kilimaliza ubeti mzima peke yake, ndipo kikatulia.

Nilimuuliza mwalimu yule kijana baada ya ibada, kwa upole niliouazima sijui wapi, kwa nini wameacha ubeti wa tatu. Akasema waliuondoa walipokwenda kurekodi. Alisema, "Ule wa umande, mama, watu wa mjini hawauelewi. Na hata watoto wetu siku hizi wanapelekwa shule na bodaboda." Alikuwa mpole pia. Wote ni wapole siku hizi, hakuna hata mmoja wa kumkaba.

Tulilala nyumbani kwa shangazi, na asubuhi tukaondoka mapema kuwahi basi. Barabara ya magari inazunguka, kwa hiyo tulikata kwa njia yetu ya zamani ya shule, ambayo imebaki, ingawa majani yameifunga kwa kuwa hakuna anayepita. Ukungu ulikuwa umepanda kama unavyopanda tangu zamani, na kila jani limeinama. Kabla sijasema neno Tula alishakunja kitenge juu ya magoti, akaokota fimbo, akatangulia. Ni mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini, magoti yanamsumbua, na viatu vyake vilikuwa vya wazi. Nikamwambia anipishe, leo nitangulie mimi. Hakugeuka. Nilimtazama mgongo ule, umande unamrukia kiunoni, na hasira ya miaka yote ikanipanda mpaka nikaona nitapasuka, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kugombana naye nikaanza kuimba. Ubeti wa tatu. Niliuimba kwa nguvu, kwa sauti yangu hii mbaya, ili kila mti wa mlingoti kando ya njia usikie, Mikaeli tangulia kama dada, tupangusie umande.

Tula alisimama, fimbo hewani.

"Umeanza juu mno," alisema. "Shusha. Anza tena."

Nikashusha, nikaanza tena. Yeye hakuimba. Aliendelea kupiga majani, kulia na kushoto, kwa mwendo wa wimbo, na nilipofika barabarani miguu yangu ilikuwa mikavu.